Kipepeo Mkubwa wa Wamaza

Sikutoka Kasongo kwa kupenda. Muzungu mmoja, Bwana Delvo, alitafuta kipepeo adimu, na kapita Mulenda, msimamizi wake wa wapagazi, akatutaja mimi na Amisi, mume wa dada yangu, tubebe mizigo. Ukikataa, fimbo. Dada akaniambia mlangoni, "Utanirudishia bwana yangu." Nikaitika.

Njia ya Kabambare ilikuwa matope matupu. Jioni Delvo alituonyesha picha: mabawa marefu membamba, yanapita kiganja cha mutu mzima, rangi ya mawese, madoa meusi. Amisi akacheka. "Huyu ukimukaanga, nyumba nzima inashiba."

Tulipofika Wamaza, mwenyeji wetu Mama Zaina alitupatia ugali na sombe, majani ya muhogo. "Kipepeo ule iko," alisema. "Jua likiwa kali anashuka kutafuta chumvi, hata ya jasho. Lakini kule msituni, ukiitwa mara moja, usijibu. Mutu wa kweli anaita mara mbili."

Kesho yake tuligawanyika kando ya kijito: Amisi peke yake mbele, mimi na Mulenda na Delvo nyuma. Delvo alikataza kelele. Jua lilipofika utosini msitu ulinyamaza, hata nyenje. Ndipo nikasikia sauti ya Amisi ikitaja jina langu. Mara moja.

Niliinuka. Mulenda akanikandamiza chini. "Mara moja ile. Unajua desturi." Delvo akaweka kidole mdomoni. Tukangoja. Hakuita tena.

Tulimkuta amelala kifudifudi mchangani, mguu umevimba, umeumwa na nyoka. Alikuwa bado anapumua. Mgongoni, juu ya shati lililolowa jasho, vipepeo weupe walimjaa, na katikati yao yule mkubwa, akipanda na kushuka kwa pumzi ya Amisi.

"Hapana gusa ye," Delvo akanong'ona. Alimsema kipepeo, si Amisi. Nilitaka kumfunga mguu, Mulenda akanishika mikono yote miwili. Delvo alisogea na wavu polepole, kama mutu anayeingia kanisani. Alipomfunika kipepeo, mgongo ule ulikuwa umetulia.

Tulimzika Wamaza. Kurudi, mizigo yote tulibeba sisi. Sanduku la kipepeo Delvo alilibeba mwenyewe.

Kasongo, Mulenda alikuja matangani, akakaa, akala. Alisema kutomjibu Amisi ilikuwa desturi. Dada akamwuliza, "Ulijua sauti yake?"

Alimeza kwanza. "Niliijua."

Desturi ile wazee waliiweka ilinde watu. Mulenda aliitumia kumlinda kipepeo. Hilo ndilo nililojifunza katika safari ile, na dada yangu amelijifunza kuliko mimi.