Mke wa Kwizera

Ildephonse alikuwa akifundisha kwaya ya Wakongomani hapa ugenini, Granville, na siku za kazi aliendesha forklifti, gari la kunyanyulia mizigo, kwenye ghala moja la Smithfield. Kinanda alifundishwa na Kwizera, rafiki yake tangu kambi ya wakimbizi. Kwizera alipopatwa na kiharusi, akapoteza kauli na kuhamishiwa kwenye nyumba ya wagonjwa Guildford, Ildephonse ndiye aliyewapeleka watoto shule na kumsindikiza mke wa rafiki yake, Nsimire, kwa madaktari ili amtafsirie. Akampenda. Hakupanga, wala hakujua lini ilianza.

Kendi, nesi Mkenya, alizoea kumfungulia Kwizera muziki wa Kizungu wa zamani kwa sababu ulimtuliza.

"Hiyo piano ni ya nani?" Ildephonse aliuliza siku moja.

"Brahms. Huyo, kaka, alimpenda mke wa rafiki yake," Kendi alisema huku akitandika shuka, bila kumaanisha kitu. "Rafiki aliitwa Schumann, naye alikuwa mtunzi. Akaugua akili, akalazwa. Brahms akaja kumsaidia mama na watoto."

Ildephonse alihisi masikio yakiwaka.

"Halafu?"

"Schumann akafa. Njia ikawa wazi. Lakini Brahms akaenda zake. Hakuoa maisha yake yote, na yule mama naye hakuolewa tena."

"Kwa nini?"

"Nani ajuaye? Barua zao nyingi waliziharibu."

Kwizera alikuwa akitazama dirishani. Ildephonse hakuweza kujua kama amesikia, na tangu siku hiyo akawa anashindwa kumtazama usoni.

Kwizera alifariki kabla ya baridi kuisha. Kwaya iliimba kanisani, Ildephonse akapiga kinanda mpaka mwisho.

Miezi ikapita. Jumapili moja Nsimire alimkaribisha chai, akawatoa watoto nje.

"Dada yangu ananiita Perth. Anasema kuna nyumba, kuna kazi. Wewe unasemaje?"

"Shemeji, mimi..."

"Leo usiniite shemeji. Niambie tu. Nisiende?"

Neno lilikuwa mdomoni. Lakini alimwona Kwizera kwenye kile kitanda, akawaza watu wa kanisa watakavyosema: kumbe alikuwa anamngojea mwenzake afe.

"Perth ni pazuri," alisema. "Watoto watakuwa karibu na mama yao mkubwa."

Nsimire akaanza kukusanya vikombe.

Ildephonse aliwapeleka uwanja wa ndege mwenyewe na kuwabebea mizigo. Darlène, binti mkubwa, alimng'ang'ania mkono. "Uncle, why can't you come?"

"Kesho nina kazi, mama."

"Mwachilie, Darlène," Nsimire alisema kwa upole. "Baba Ildephonse alishasema."

Wakaingia ndani. Alisimama pale hadi mlinzi akamwomba asogee, anawazuia wengine kupita.