Macho ya Shangazi Kija

Luhaga alipopunguzwa kazi kiwandani Nyakato mwaka tisini na nne, wenzake walifungua genge, wengine wakakimbilia machimboni. Yeye akaandika riwaya. Usicheke, ilimpa heshima kwa miezi miwili.

Riwaya yenyewe ilikuwa ya mauaji. Mzee tajiri anakutwa amekufa chumbani, mlango umefungwa kwa komeo la ndani, dirisha lina nondo, na nyumbani wamo mke, wana wawili na dada wa marehemu. Nani kamuua, na katokaje? Luhaga alilijua jibu. Mwana mkubwa alitia sumu kwenye togwa, mzee akanywa, akaenda kulala, akajifungia mwenyewe kama kawaida yake. Basi! Lakini karatasi za kudurufia zilitosha sehemu ya kwanza tu, hivyo akaikata pale mlango unapovunjwa, akapeleka nakala mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki.

Kosa halikuwa hapo. Kosa lilikuwa yule dada wa marehemu. Mtu asiyezoea kutunga huchukua walio karibu, na aliyekuwa karibu na Luhaga ni shangazi yake Kija, mama aliyemlea tangu akiwa mdogo kule Kiseke kwa kazi ya kukausha samaki. Luhaga akamtia kitabuni mzima mzima: kiko chake, tabia ya kuongea peke yake, na macho mekundu. Mekundu kwa moshi, jamani! Miaka thelathini ya kupuliza moto! Ila moshi hakuuandika. Aliona macho mekundu matupu yatatisha vizuri zaidi.

Haya, waulize watu wa mwaloni ni nani awezaye kupita mlango wenye komeo. Hawakungoja sehemu ya pili.

"Anayepita mlango bila kuufungua tunamjua," alisema Antoni, mpakia samaki, akamgeukia Luhaga. "Na huyu si shangazi yako wa Kiseke?"

Watu wakaangua kicheko. Na Luhaga, Mungu amsamehe, akacheka nao. Nakala zilikuwa zinagombaniwa, naye alikuwa hajaitwa mwandishi tangu azaliwe.

Wiki ileile wateja wakaanza kuipita meza ya Kija kama hawaioni. Kisha asubuhi moja likakutwa panga limelazwa mbele ya mlango wake. Miaka ile, huku kwetu, vikongwe walikuwa wakiitwa wachawi na kuuawa kwa rangi ya macho tu. Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana ya panga lile.

Luhaga alipoliona, aibu ilimpanda hadi masikio yakawaka. Akakimbia hadi mwaloni, akapanda juu ya kreti, akaimwaga siri yote: mwana mkubwa, sumu, togwa.

"Shangazi yangu hana hatia! Macho yake ni ya moshi! Nimetunga mimi, mwongo ni mimi!"

Halafu mama mmoja wa dagaa akasema, "Masikini, shangazi yake ameshamtisha."

"Juzi alikuwa anacheka," Antoni akadakia, "leo analia. Mnaona wenyewe?"

Loo! Kila alivyozidi kuapa, ndivyo walivyozidi kumwonea huruma. Mwingine akamshika bega na kumshauri atafute mganga mapema. Akashuka kwenye kreti, hajui aweke wapi uso wake.

Mchana alimkuta Kija amefunga mizigo, pikapu ya mdogo wake wa Magu inamsubiri. Luhaga akamweleza yote, hata kile kicheko. Hakuthubutu kumtazama.

"Majirani walinisomea kitabu chako," Kija alisema. "Niliwaomba mwenyewe, nijivunie mwanangu. Walipofika kwenye macho yangu, nikajua huyo ni mimi, nikangoja uutaje moshi. Nikasema labda ukurasa unaofuata. Kuni za moto ule ulikuwa ukinichochelea wewe, Luhaga, kila ukitoka shule. Wale hawajui. Wewe ulikuwa unajua."

Luhaga akapiga magoti kwenye vumbi, mtu mzima wa miaka arobaini, majirani wakitazama. Akataka kuomba radhi. Lililotoka ni lile analolijua tangu utotoni.

"Shikamoo, shangazi."

Kija akaingia kwenye pikapu, akajifunika kanga usoni. Dereva akangoja kidogo, akidhani mama ataitikia, kisha akawasha gari.