Bi Hadia wa Shirazini, Mlinzi wa Siwa

Alizaliwa Bi Hadia binti Yunusi mwezi wa Mfungo Sita, mwaka 1858 kwa hesabu ya Kizungu, katika mji wa Shirazini, kisiwani Pate. Mji huo ulijengwa na watu waliovuka bahari kutoka Uajemi, na wenyeji walikuwa wakikwambia hayo hata kabla hujaketi. Ushahidi wao ulikuwa misikiti ya matumbawe na siwa, pembe kubwa ya ndovu inayopulizwa katika arusi za waungwana. Siwa ilitunzwa nyumbani kwa Bi Hadia, maana baba yake hakuacha mtoto mwingine. Humo humo alisomesha Kurani mabinti wa mji na mabinti wa Mtangani, kijiji cha wakulima kilicho jirani, akiwaketisha mkeka mmoja. Wakubwa walinong'ona. Yeye, Mungu amrehemu, alicheka akaendelea kusomesha.

Mtihani wake ulikuja mwaka 1908. Rahima wa Mtangani, mwanafunzi wake, aliposwa na Jeilani, kijana wa Shirazini. Mzee wa mji, Bwana Muhdhar, akakataa katakata siwa isitoke kwenda kijijini. Na mjini arusi bila siwa haikuwa arusi. Mamake Jeilani aliapa hampokei mkwe wa namna hiyo. Rahima alilia mpaka macho yakavimba. Bi Hadia akamwita Bwana Muhdhar, akasema naye nyuma ya pazia.

"Siwa ilikuya na wazee wetu, Bi Hadia."

"Naam, Bwana. Na walipotua na kiu yao, ni nani waliowapa mai ya kunwa? Si hawa wa Mtangani?"

"Siwa ni ya mji," akajibu, akaondoka.

Ijumaa, watu wakitoka msikitini, mama huyu ambaye hakupata kuvuka njia mchana alisimama nje, amejitanda, na mwana wa binamu yake, Abdulqadir, kashika siwa. "Puliza, mwanangu." Sasa, ada ya Shirazini ni hii: siwa ikilia, kila muungwana huifuata papo hapo iendako, na anayebaki amejivua uungwana. Lo! Wazee hata viatu hawajavaa. Bwana Muhdhar aliyatazama makubadhi yake, akaitazama siwa, akafuata. Mji mzima ulikwenda Mtangani miguu mitupu, Bi Hadia mbele, na vigelegele vya kijiji vikawapokea. Rahima akaolewa siku hiyo, na mamake Jeilani ndiye aliyemvisha kikuba cha asumini. Husemwa kwamba mbigili za njiani hazikumchoma mtu isipokuwa Bwana Muhdhar, na aliyeisimulia karama hiyo kwa kicheko kuliko wote ni yeye mwenyewe.

Bi Hadia alifariki mwaka 1916, na jeneza lake lilipokezanwa na mabega ya mji na ya kijiji. Ewe msomaji, ukiachiwa jambo la heshima, usilifungie ndani. Litoe, wenzako nao wafurahi. Maana arobaini ilipokwisha, Bwana Muhdhar alivaa joho lake, akashika njia ya Mtangani kwenda kumposea mwanawe.