Kipande cha Kitenge Mfukoni

Mwaka wetu wa pili Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, kanisa lilipewa kompyuta iliyotumika, skrini yake imekufa. Aliyejua kuitumia kuchora alikuwa mmoja tu, mdogo wangu, dada niliyekimbia naye kutoka Bukavu. Kule alichora kadi za harusi kwa mkono, na mwishoni kwa kompyuta. Mchapaji mmoja wa Lilongwe alikuwa ameahidi kumpa kazi, kadi yake ya kwanza ikimpendeza.

Waumini walichanga, nikatumwa mimi kununua skrini. Nilikuwa kaka mkubwa, yaya kama tusemavyo kwetu, nilikuwa na Kiingereza cha sekondari, na kibali cha kutoka kambini kilikuwa na jina langu. Dada alinikunjia kipande cha kitenge, chekundu, kijani na manjano, akakifunga kwa pini. Nimwombe muuzaji anifungulie programu ya kuchorea, nipake rangi hizo, kisha nishike kitambaa kando ya kioo. Zikitofautiana, niache. Ukubwa, alisema, hauna kazi.

Dukani Lilongwe, karibu na soko la Tsoka, zilikuwapo mbili za bei moja, ndogo na kubwa. Muuzaji aliwasha ile kubwa, ukatokea ukurasa wa maandishi. Mimi nilikuwa karani. Nikasoma herufi, nikaziona zimenyooka, nikaridhika. Nyuma yangu walisimama wanaume watatu wenye tai. Kitenge nilikishika mfukoni, nikaona aibu kukitoa, mtu mzima kubandika nguo ya kike kwenye mashine. Nikachukua kubwa. Tena nilitaka watu waione ikishuka.

Waliiona. Iliingia kambini juu ya kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, imefungwa kwa mpira, nami nyuma nimeishika kama mgonjwa. Dada aliiwasha, akasogeza uso karibu na kioo.

"Yaya, ulipima na kitenge?"

"Nilipima."

Wekundu ulikuwa unakufa ndani ya kile kioo. Kila chekundu kilionekana kama tope. Lakini aliniamini kwamba kioo ni kizima, akadhani rangi zake ndizo hafifu, akawa anaongeza wekundu, anaongeza tena. Kadi ilipochapwa, bibi harusi alitoka na uso wa pilipili. Mchapaji akampa mwingine kazi.

Dada akadhani macho yake yameharibika. Alipanga foleni zahanati. Aliazima miwani ya mzee wa kanisa. Nilimwona akiinua nyuzi za kushonea kwenye jua, moja moja, akizitaja rangi kwa sauti ndogo kama mtoto anayejifunza. Nilijiambia nitasema ukweli Jumapili. Jumapili zikapita.

Siku moja alifua koti langu. Alikikuta kitenge kimekunjwa vilevile, pini yake haijafunguliwa. Aliketi kizingitini, kitambaa kinadondosha maji. Nilingoja matusi.

"Kumbe macho yangu iko mazima," alisema.

Akakikamua, akanipa. "Sasa ni we njo utaenda kwa ule muchapaji. Utamwambia mwenyewe."

Nilikwenda. Nilikiweka kitenge mezani mbele ya wateja wake, nikaeleza kila kitu, hata ile aibu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kadi ile, alisema, sasa anaielewa, ila nafasi ilikuwa imeshachukuliwa.

Nilirudi nikamwambia dada hivyo hivyo, bila kupunguza neno.