Mgomba Tuliokatazwa Kuuzika

Nyinyi vijana mnaokuja nyumbani kwangu kupiga picha na Jenerali, mkimshika bega na kucheka kwenye simu zenu, someni haya kwanza. Shule yangu mimi ni kisomo cha watu wazima, nilijifunza kuandika nikiwa tayari na watoto, kwa hiyo msitafute maneno matamu. Huyo mnayemwita Babu Jenerali ni mdogo wangu. Nilimbeba mgongoni kwenye vilima hivi hivi vya Rungwe mama akiwa shambani.

Vita ya Uganda ilipoanza alikuwa kapteni. Alipita Mafinga na Landrova ya jeshi, akamkuta mwanangu wa kwanza kwenye kiwanda cha mbao, anabeba magogo. Kijana ndevu zilikuwa hazijatoka sawasawa. Mjomba wake akamwambia mbao zitamngoja, vita haingoji mtu. Wakaja wote wawili kuniaga. Mume wangu alisita. Mdogo wangu akamwambia, "Shemeji, huyu ni mwanangu. Nikirudi mimi, na yeye yumo garini."

Mwanangu akavua shati lake la kazini, limeganda utomvu wa paini kifuani, akanipa nimfulie. Sikulifua vizuri. Utomvu ule hautoki kwa sabuni ya mche.

Vita ikaisha, mdogo wangu akarudi peke yake, amekonda, macho mekundu. Nikamwuliza mwanangu yuko wapi. Akasema kuna waliobaki nyuma, wanakuja. Wenzetu wa kijiji wengine walipokea watu wao, wengine walipokea msiba. Sisi hatukupokea kitu.

Tulingoja mpaka wazee wa ukoo wakachoka, wakasema tuzike mgomba. Ndivyo tulivyofanya mtu akipotea mahali pasipofikika. Mnakata mgomba, mnauvika nguo yake, mnaulilia, mnaufukia, watu wanakula wanakwenda zao. Kazi ya msiba ni kuisha. Tulikuwa tumeshaukata na shimo liko tayari, ndipo mdogo wangu alipoingia na magwanda yake, akasimama katikati ya uwanja.

"Mwanajeshi aliye hai hazikwi," akasema. "Msilie. Hiyo ni amri."

Wazee wakatazamana. Nani angebishana na mtu aliyetoka vitani, tena mjomba wa kijana? Mgomba ule tukawakatia ng'ombe. Shimo likafukiwa halina kitu.

Miaka ikaenda. Akawa meja, akawa kanali, akawa brigedia, mwisho jenerali kabisa. Kila cheo kilipompata alikuja kuchinja kwangu, maana mama alishakufa na mimi ndiye niliyemlea. Kijiji kizima kilishiba. Mume wangu alikula nyama hizo huku anatazama barabarani. Siku anakufa aliniuliza kama kuna gari limesimama nje. Nikamwambia hakuna. Sikuweza kumdanganya, hata siku ile.

Sasa Jenerali amestaafu, mkewe amefariki, watoto wake wako Dar es Salaam na kazi zao, na akili yake inavuja kama debe bovu. Yuko kwangu. Namwogesha, namkata kucha. Kila asubuhi anatoka barazani na fimbo, anataka ripoti. Mjukuu wangu na mkewe wanasimama mbele yake, wanamwambia ng'ombe amekamuliwa, afande, wachuma chai wameshatoka, afande. Mke wa mjukuu ni mtundu, siku moja akamwambia kuku mmoja ametoroka jeshi. Akaamuru akamatwe, afungwe. Jioni tulimla.

Mvua zilipokatika mwaka huu nikatoa nguo sandukuni kuzianika. Shati lile nikalitundika kwenye kamba. Jenerali akapita, akalishika, akalinusa kifuani. Utomvu bado unanuka. Akanigeukia, akasimama wima. "Afande," akasema.

Miaka yote nilikuwa nimemwuliza kama dada, na jibu lilikuwa moja, wanakuja. Siku ile nikamwuliza kama mkubwa wake.

"Kapteni, toa ripoti ya kikosi."

Mikono yake ikashuka ubavuni. "Niliwaacha kivukoni, afande. Niliwaambia wailinde njia mpaka nirudi."

"Ulirudi?"

"Sikurudi, afande."

"Na kijana wa dada yako?"

"Nilimwona kwa darubini. Amelala kifudifudi, nusu majini. Hatikisiki."

"Kivuko gani?"

Akaliachia shati. "Dada," akasema, "uji umeiva?"

Nikampa uji. Akanywa, akasema ndaga, ndiyo asante ya kwetu, akafuta mdomo kwa mkono. Mimi nikakaa kwenye kigoda. Msidhani nililia. Jibu lile nilikuwa nimelingoja miaka mingi, hata lilipokuja sikuwa na pa kuliweka. Alijua. Alijua siku ile ya mgomba, na alijua kila alipochinja ng'ombe uwanjani kwangu. Kesho yake nikamwamuru tena atoe ripoti. Akatabasamu, akanishika mkono. "Wanakuja, dada. Wako njiani."

Wa kumlaumu hayupo tena. Aliyefanya yale ameshaondoka, ameniachia mwili wake niuogeshe. Mume wangu hayupo wa kuambiwa. Kivuko hakina jina. Mwanangu, kama kuna kilichobaki, ni tope la mto wa watu.

Niliwaita mjukuu na mkewe, nikawaeleza. Mjukuu akauliza, wazee wa desturi wote wamekufa, nani atasimamia? Akaongeza, na amri ya Jenerali je?

Nikawaambia hivi. "Amri hiyo imekwisha. Kateni mgomba ule ulio karibu na kaburi la babu yenu. Uvikeni hili shati, msilifue. Jenerali mwekeeni kiti mbele kabisa. Akiuliza anazikwa nani, mwambieni. Akisahau akauliza tena, mwambieni tena."