Ndama wa Mzee Luhende

Imetangazwa, na tangazo likapitishwa mtaani kwa gari lenye kipaza sauti, kwamba kuanzia mwezi huu kila mnyama anayefugwa ndani ya kata, awe wa miguu minne au miwili, atahudumiwa na mtaalamu wa mifugo mwenye sifa na si mwingine. Kwamba mtaalamu huyo yupo, na anapatikana ofisini saa zote za kazi. Na kwamba mwananchi atakayebainika kumtibu mnyama wake kwa kubahatisha atachukuliwa hatua. Hatua zenyewe hazikusikika. Gari lilikata kona kabla ya kuzifikia.

Mzee Yakobo Luhende alilisikiliza tangazo hilo kibarazani kwake, ng'ambo kidogo ya Buswelu, pembezoni mwa Mwanza, mahali ambapo mji umeshafika na mashamba bado hayajakubali kuondoka. Alitikisa kichwa kuunga mkono. Ni mtu anayeheshimu matangazo. Kwa miaka mingi alikuwa mpima mizani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, kazi ambayo mtu huifanya kwa uaminifu au huifanya kwa muda mfupi, na yeye aliifanya mpaka akastaafu. Miguuni pake alikuwa amelala mbwa mgonjwa.

Mbwa huyo anaitwa Katibu. Jina alilipata siku aliyoletwa, akiwa bado mdogo wa kubebwa kwenye kapu, alipojilaza mlangoni na kuonyesha wazi kwamba hamruhusu mtu yeyote kumwona mwenyekiti. Zamani Mzee Luhende alikuwa na ng'ombe kijijini. Magoti yalipokataa kuwafuata malishoni aliwauza, akajenga karibu na mwanawe Nathaniel, akabaki na fimbo ambayo haikuwa na kazi. Katibu ndiye aliyeipa kazi. Kila jioni wawili hao hutoka kuelekea vilimani, mzee nyuma, mbwa mbele, na mzee humwelekeza kwa mluzi uleule uliokuwa ukigeuza kundi zima. Mbwa hugeuka. Yeyote anayewatazama kwa mbali anaweza kudhani ng'ombe wamechelewa tu, wanakuja.

Sasa Katibu hali chakula. Kupe wamemjaa masikioni, pua imekauka, na mluzi ukipigwa huinua jicho moja na kulishusha.

Kwa Msukuma wa umri wa Mzee Luhende, kumwitia daktari ng'ombe ni busara. Kumwitia daktari mbwa ni habari ya kusimuliwa. Kijijini mbwa hupewa ukoko wa ugali, na akiugua huingia porini akapona huko, au asirudi. Ofisi ya kata, alipo yule mtaalamu, inatazamana na kijiwe cha kahawa ambapo mzee huketi na wenzake wenye ng'ombe. Kupita mbele yao akimvuta mbwa kumpeleka kwa daktari lilikuwa jambo asiloweza hata kulifikiria. Basi akaenda kwenye duka la dawa za mifugo, peke yake, mikono nyuma.

Muuzaji pale ni Obedi. Watu wote humwita daktari kwa sababu ya koti lake jeupe, naye hajawahi kuona sababu ya kuwavunja moyo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari. Nina ndama anaumwa."

"Ndama? Si uliuza wote?"

"Kabaki mmoja."

"Ana nini?"

"Kupe. Na homa. Kula hataki."

"Majani hagusi kabisa?"

"Majani hajawahi..." Mzee akakohoa. "Hagusi kabisa."

"Na kinyesi?"

"Kigumu. Kina vifupa."

Obedi akainua uso. "Vifupa?"

"Vijiti, daktari. Vijiti. Macho yangu haya."

"Hao ni kupe tu wanamsumbua. Ana kilo ngapi?"

"Hamsini na kitu," alisema mtu ambaye katika miaka yote ya pamba hakuwahi kumwongezea mkulima hata robo kilo.

Obedi akampa chupa ya dawa ya kuogeshea, akamwonyesha kipimo cha kuchanganya kwenye ndoo, akasisitiza asimsuuze, aache dawa ikaukie mwilini. Ushauri huo ulikuwa sahihi kwa kila ndama wa Kanda ya Ziwa. Kwa kuwa Obedi alisema ni dawa kali ya kupe sugu, mzee akaongeza kidogo, kwa mapenzi. Asubuhi iliyofuata akamwogesha Katibu uani, akamwacha akauke juani. Mbwa aliyelowa hujilamba. Katibu alijilamba kwa bidii, na kabla ya saa sita mate yalikuwa yanamchuruzika, miguu inapishana, na alipojaribu kufika mlangoni kwake pa siku zote alianguka katikati ya ua na kubaki hapo.

Mkewe, Getruda, alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Baba Nathaniel, umemfanya nini huyu?"

"Dawa. Ya dukani."

"Ulimwambia Obedi anayeumwa ni nani?"

"Mnyama."

"Mnyama gani?"

Mzee akamwinamia mbwa. Getruda aliishi na mtu huyu muda wa kutosha kutoliuliza swali hilo mara ya pili.

Kwanza alimpigia simu Dokta Chenge, anayezunguka na pikipiki kutibu wanyama majumbani. Chenge hakuuliza mbwa ana nini.

"Mama, mnakaa nyumba ya geti?"

"Geti lipo."

"Mbwa wa kizungu?"

"Mbwa wa kula ugali."

"Lakini geti lipo," alisema Chenge, kwa sauti ya mtu aliyeletewa majibu ya vipimo, akataja bei yake. Getruda akakata simu. Kisha akamkumbuka daktari mmoja wa Mabatini aliyewahi kumnusuru mbuzi wa zawadi ya paroko. Ni kweli mbuzi huyo aliliwa baadaye, lakini aliliwa akiwa na afya. Namba akaipata kwa mwanakwaya mwenzake. Sauti ya mwanamke ikapokea, ikataja gharama ya kumwona mgonjwa kabla hajaulizwa, ikasema: "Mfunikeni asiendelee kujilamba. Na mje na chupa ya hiyo dawa, msiitupe."

Katibu akafungwa kwenye khanga, kichwa na vyote, mzee akampakata, bajaji ikaitwa. Ndipo Wilhelmina, jirani wa ukuta kwa ukuta, akatokeza.

"Jamani! Ni mjukuu?"

Mzee Luhende alitazama khanga. Ilikuwa na ukubwa wa mtoto, na ilikuwa ikipumua kwa shida kama mtoto.

"Homa," alisema.

"Poleni sana! Mungu ni mwema, wahini!"

Bajaji ikaondoka. Getruda alitazama nje njia nzima.

Kliniki ya Mabatini ni chumba kimoja kati ya fundi cherehani na duka la betri. Bei zimeandikwa ukutani kwa rangi ya mafuta, kubwa, kuanzia chanjo mpaka kushona kidonda, ili mgonjwa asipandishiwe bei kwa kuangaliwa viatu vya aliyemleta. Daktari mwenyewe, Ishrat, anatoka kwenye familia iliyouza vitambaa mjini Mwanza tangu enzi za baba wa babu yake. Yeye alikwenda Morogoro kusomea wanyama. Baba yake huwaambia wageni kwa fahari kwamba binti ni daktari, kisha huwahi kuagiza chai kabla hawajauliza daktari wa nini.

Walikuta bwana mmoja amepakata kuku na mama mmoja ana paka ndani ya kikapu. Wote wawili hawakuwa na haraka, na wote wawili walikuwa na masikio.

"Shikamoo, guku," alisema Ishrat, akimwita babu kwa Kisukuma, huku mikono yake ikifungua khanga. Akatazama fizi, akasikiliza moyo, akaisoma chupa. "Hii ni ya ng'ombe. Mlichanganya kiasi gani?"

Mzee akaonyesha kwa kidole, kisha akaongeza kidogo kile cha mapenzi.

"Nani alikupa kipimo hicho?"

"Obedi wa Buswelu."

"Obedi namjua. Anaweza kukuuzia usichohitaji, lakini hawezi kukuambia umwogeshe mbwa hivi." Akainua macho. "Guku, mapigo yake yanashuka. Sumu na ugonjwa wenyewe vinafanana kwa nje. Nikikosea pa kuanzia, anakufa mikononi mwangu. Ulimwambia Obedi nini hasa?"

Mama wa paka akasogea karibu asikie. Hata kuku alisimamisha shughuli zake. Getruda alikuwa ametazama sakafu, kwa hisani.

"Nilimwambia ni ndama," alisema Mzee Luhende.

"Ndama wa kilo ngapi?"

"Hamsini na kitu."

"Na huyu ni ngapi?"

"Kumi na nane."  "Niliona haya, mama. Huo ugonjwa wa haya nilianza kuugua mimi kabla yake."

Bwana wa kuku alifungua kinywa. Ishrat akamtazama mara moja, akakifunga.

Walimwosha Katibu kwa sabuni na maji mengi, mzee mwenyewe akishika kichwa. Akanyweshwa unga mweusi wa mkaa uliokorogwa, akawekewa dripu, akafunikwa blanketi. Kisha Ishrat akakaa kwenye stuli, akafafanua gharama namna ambavyo mzee hakuwahi kufafanuliwa na daktari yeyote, wa watu wala wa ng'ombe.

"Dripu na mkaa ni lazima, hivyo havina mjadala. Kipimo cha damu ni kizuri, lakini leo hakitabadilisha ninachofanya, basi tukiache. Akiamka, ile homa ya kupe tunaitibu kwa vidonge. Nitakuandikia jina, utavinunua duka la dawa la kawaida, ni vilevile wanavyomeza watu na ni rahisi kuliko vyangu. Asipopata nafuu ndani ya wiki, hapo tutapima. Na kama huna yote leo, sema sasa, usinikimbie kesho."

"Siwezi kukukimbia," alisema mzee. "Magoti."

Wakasubiri. Mchana ulikuwa mrefu. Mama wa paka aliingia na kutoka, bwana wa kuku akapata dawa yake na hata hivyo akabaki. Mzee alikuwa ameshika sikio la Katibu kati ya vidole viwili, lile lililokuwa na kupe wengi, kama mtu anayepima ubora wa pamba.  Kisha alijaribu kupiga mluzi, mdogo sana, lakini midomo ilikuwa imekauka na ikatoka hewa tupu. Alijaribu tena. Safari hii ulitoka. Jicho moja la Katibu likafunguka, likatafuta ulipotoka mluzi, na mkia ukagonga meza.

"Huyo," alisema bwana wa kuku, akajifuta uso kwa kiganja, akaenda zake.

Kesho yake asubuhi walikuja kumwona mgonjwa. Huo ndio utaratibu: nyumba yenye mtoto mgonjwa haiachwi peke yake. Wilhelmina alitangulia na chupa ya uji wa ulezi, nyuma yake akina mama wa jumuiya ya kanisani, machungwa kwenye mfuko, sukari, na mzee mmoja wa kijiwe cha kahawa aliyesikia habari njiani.

"Mjukuu wetu yuko wapi?"

Getruda akamtazama mumewe. Alikuwa amemkopesha ukimya wa jana nzima, na ilionekana leo hakopeshi tena. Mzee Luhende akanyoosha fimbo kuelekea kona ya kibaraza. Juu ya gunia, khanga ileile ikiwa chini yake, Katibu alikuwa anapiga miayo.

Watu walitazama. Wakatazamana.

"Mzee Luhende," alisema Wilhelmina polepole. "Jana jioni nimeiombesha jumuiya nzima."

"Na amepona," alisema Getruda.

"Mpaka wimbo tuliimba!"

"Basi mmesikilizwa."

Wilhelmina alishika kiuno. Mtu angedhani ataondoka na uji wake. Badala yake alicheka mpaka akakaa chini, na alipomaliza alimimina uji kwenye sahani ya bati, akausogeza kwenye gunia. Katibu akaulamba wote. Ndipo Wilhelmina akashusha sauti.

"Huyo daktari wa Mabatini anachukua bei gani? Wangu ana kupe mpaka kwenye kope."

"Wangu alimng'ata mtu wa bili za maji," alisema mwingine. "Chanjo hana. Nilimwambia yule bwana anayo."

Mzee wa kijiwe cha kahawa alichokoa ardhi kwa fimbo. "Mimi langu ni jike," alisema hatimaye. "Lina watoto. Mke wangu ndiye anayelipenda."

Hapo Mzee Luhende aliingia kwenye jambo analolijua. Kijijini hakuna aliyepeleka ng'ombe wake josho peke yake. Watu walipatana siku, wakapeleka makundi pamoja na kugawana gharama. Akampigia Ishrat. Ishrat akamwambia kwamba chupa moja ya chanjo ya kichaa cha mbwa inachanja mbwa kumi, na ikishafunguliwa haiwekwi. Wakijikusanya kumi au zaidi atakuja mwenyewe, nauli wataigawana, na kila mmoja atalipa nafuu kuliko kumfuata mjini. Siku yake isiyo na kazi nyingi ni Alhamisi.

Alhamisi asubuhi, kwenye kiwanja kisichojengwa kando ya nyumba yake, Mzee Luhende alifunga kamba mbili sambamba kati ya nguzo, upana wa mbwa mmoja. Walikuja mbwa wengi kuliko alivyotarajia, wengine wamefungwa kwa waya, kwa tai ya shule, kwa mkanda wa suruali ya mwenye mbwa. Aliwapanga wakorofi mwisho. Alisimama kichwani mwa mstari na fimbo yake, Katibu kando, mbele ya mtaa wote na kijiwe kizima cha kahawa.

"Mmoja mmoja! Wewe mama, mshike shingo, si mkia! Anayefuata!"

Kuelekea saa tano zamu ilifika kwa bwana mmoja mwenye shati la kupigwa pasi na kitambulisho shingoni, aliyeshika jibwa jekundu kwa kamba ya katani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe si ndiye mtaalamu wetu wa kata?"

"Ndiye mimi."

"Na umepanga foleni?"

"Tangu saa tatu, mzee. Nisaidie kumshika, namwogopa kidogo."

Mzee alimshika. Mtaalamu huyo ni mtu mpole, na sifa anazo; cheti chake ni cha ufugaji wa samaki.