Pikapu ya Injinia Yapandishwa Mizani

Walimwita Injinia kwa sababu aliwahi kufagia karakana ya mainjinia miaka miwili, na cheo kikamganda. Pikapu yake ilitoka kiwandani gari la kawaida. Yeye akaigeuza ghorofa. Bampa nzito mbele na nyuma, vyuma vya ubavuni, keria, spika nne, matairi manene kama mapipa, na spring za ziada zilizoinyanyua hadi mkewe akawa anaipanda kwa stuli.

Basi dada yake mkubwa akapata chumba cha biashara chini ya mteremko, akataka mashine yake ya kusaga nafaka ivutwe huko kwa tela. Mashine na tela vilikuwa tani mbili na robo. Ndiyo iliyomlisha yeye na wanawe watatu. Ikipinduka, kwisha habari yao.

Injinia akashika chaki. Kibandiko cha kiwandani kilisema gari, waliomo na tela kwa jumla visizidi tani nne na nusu. Yeye akajumlisha juu yake: bampa, nusu tani ya nguvu, matairi, robo, spring, tani nzima. Kila chuma alichofunga alikihesabu kama msuli. Akapata tani sita na ushee, akapiga mstari chini yake mara mbili.

"Mdogo wangu," dada akauliza, "na breki umeongeza?"

Akajibiwa kwamba breki ni za madereva waoga. Hakubishana. Alisema tu kwamba mashine haing'oki mpaka gari lipimwe kwenye mizani ya kiwanda cha kokoto.

Lilipimwa wao wawili wakiwa ndani: tani mbili na kilo mia sita.

Mpima mizani, mtu asiye na haraka, aliuliza uzito wa mashine na tela, kisha akarudia kusoma kibandiko. "Ukiongeza tela umezidi kilo mia tatu na hamsini, bwana. Na zote ni mapambo yako."

Injinia akalaumu mizani, kisha tope la matairi, kisha chai aliyokunywa dada yake. Dada akampa spana.

Bampa zikashuka, keria ikashuka, spika na vyuma vya ubavuni vikafuata, hadi mizani ikasoma tani mbili na kilo mia moja. Hapo ndipo tela likafungwa. Mteremko mzima waliushuka kwa gia ya pili.

Mashine ilifika wima. Dada alipoiwasha ikanguruma, Injinia alikuwa keshaanza kuwaeleza wateja jinsi alivyogundua, peke yake, kwamba gari jepesi huvuta zaidi.